Jarida la Barua Pepe kwa Biashara Ndogo: Namna ya Kulifanya Lifike na Lisomwe

Biashara ndogo nyingi huanza kuwaandikia wateja kwa njia moja: mwenye biashara hukusanya anwani zote alizonazo kwenye simu na kwenye barua za zamani, huzibandika katika sehemu ya Bcc, ile inayoficha wapokeaji wasionane, huandika tangazo na kubonyeza kitufe cha kutuma. Siku ya kwanza mambo huonekana kwenda sawa. Baada ya majuma machache barua huanza kuangukia kwenye folda ya taka, kisha hata zile za kawaida, kama vile ankara na majibu ya maswali ya wateja, nazo huacha kufika. Niliona jambo hili likitokea katika biashara niliyokuwa nikiisaidia, na ilituchukua miezi kulisafisha tena jina la kikoa chake, yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani zake. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye uzuri wa jarida, bali pale ambapo kosa lile lilianzia, yaani kwenye orodha ya anwani na haki ya kuitumia.

Orodha na ridhaa

Mtu aliyenunua kitu kwako mara moja, au aliyekuandikia kuuliza bei, amekupa anwani yake kwa shughuli hiyo tu. Ukianza kumtumia jarida bila kumuuliza, wewe unaona unamkumbusha habari zako, ilhali yeye anaona umeingia bila kupiga hodi. Wengi hawatakuandikia kulalamika. Watabonyeza tu kitufe cha kuripoti barua taka, na hicho ndicho kinachoumiza, kwa sababu kampuni inayotunza vikasha vyao huhesabu kila ripoti na kuiweka kwenye kumbukumbu ya kikoa chako.

Kwa hiyo weka fomu ya kujiandikisha, na maneno ya fomu hiyo yawe ahadi inayoeleweka. Fomu inayosema “Jiandikishe upate habari zetu” haimwambii mtu atapata nini wala lini. Tuchukue mfano wa fundi wa viatu vya ngozi, ambaye nitarudi kwake mara kadhaa. Fomu yake ingeweza kusema: “Mara moja kwa mwezi nitakuandikia namna ya kutunza viatu vya ngozi ili vidumu, na nitakujulisha viatu vipya ninavyotengeneza. Unaweza kujitoa wakati wowote.” Sentensi hizo mbili zinamwambia msomaji atakachokipata, kitakuja mara ngapi na atatokaje, na zinamsaidia fundi mwenyewe, kwa sababu kila mwezi anapokaa kuandika anajua alichokiahidi.

Omba anwani ya barua pepe na, ukipenda, jina moja. Kila swali unaloongeza, kama vile namba ya simu au tarehe ya kuzaliwa, linampunguzia mtu hamu ya kumaliza fomu, tena linakutwisha mzigo wa kutunza taarifa binafsi usizozihitaji. Usiweke kisanduku ambacho tayari kimetiwa alama ya kukubali. Chini ya GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, alama ya namna hiyo haihesabiwi kuwa ridhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 iitwayo CAN-SPAM haidai ridhaa kabla ya kutuma, lakini inadai kwamba barua ya biashara iwe na anwani halali ya posta ya mtumaji, na kwamba anayeomba kujitoa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Mwenye wateja katika nchi kadhaa afuate sheria iliyo kali kuliko zote, kwani hilo ni jepesi kuliko kuwagawa watu kwa nchi zao.

Baada ya mtu kujaza fomu, programu unayoitumia kutuma jarida imtumie barua fupi yenye kiungo cha kuthibitisha, na asiingizwe kwenye orodha mpaka akibonyeze. Wapo wanaoiruka hatua hii kwa kuogopa kupoteza wale ambao hawatathibitisha. Mimi naihesabu kuwa ya lazima. Anwani zilizoandikwa vibaya huchujwa hapo, vivyo hivyo anwani zinazojazwa na programu zinazozunguka kwenye intaneti zikijaza kila fomu zinayoikuta, na anwani za watu walioandikishwa na wengine bila wao kujua. Kinachobaki ni watu walioomba mara mbili kuandikiwa.

Kuhusu kununua orodha, jibu ni fupi: usinunue. Ndani ya orodha za namna hiyo huwa kuna anwani za mtego, ambazo hazina mwenyewe wala hazijawahi kuomba barua ya mtu yeyote, na ambazo zimewekwa makusudi ili kumnasa mtumaji asiye na ruhusa. Barua moja tu kwenye anwani kama hiyo yaweza kukuingiza kwenye orodha nyeusi za watumaji wa kukataliwa, zinazotumiwa na seva nyingi, yaani kompyuta zinazopeleka na kupokea barua. Orodha yako mwenyewe ya zamani ina hatari inayofanana, kwa sababu baadhi ya anwani zilizotelekezwa kwa muda mrefu hugeuzwa kuwa mitego. Ikiwa unazo anwani za wateja wa kweli, waandikie wale walionunua karibuni tu, uwaulize kama wangependa jarida, uwape kiungo cha fomu, na asiyejibu umwache.

Kikoa chako na uthibitisho wake

Hapa ndipo wenye biashara wengi huchoka, kwa kuwa maneno ni mageni, ila kazi yenyewe huweza kumalizika katika mchana mmoja na haihitaji kurudiwa mara kwa mara.

Utaratibu wa kupeleka barua pepe uitwao SMTP, ulioandikwa mwaka 1982, haukuwa na njia ya kuhakikisha kwamba mtumaji ndiye anayesema ndiye. Mtu yeyote aliweza kuandika jina lolote juu ya bahasha. Mambo matatu yaliongezwa baadaye ili kuziba pengo hilo. SPF ni orodha ya seva ulizoziruhusu kutuma kwa jina la kikoa chako. DKIM ni saini ya kidijitali inayoambatanishwa na kila barua, ambayo seva inayopokea huikagua kwa ufunguo uliouweka hadharani. DMARC inaangalia kama kikoa kinachoonekana na msomaji kinalingana na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM, kisha inaiambia seva inayopokea ifanye nini na barua isiyolingana. Yote matatu huandikwa kwenye rekodi za DNS za kikoa chako, yaani daftari la hadharani ambalo kompyuta nyingine husoma habari za kikoa hicho, mahali pale pale ulipokinunulia au kwenye kampuni inayokuhudumia tovuti.

Programu ya jarida utakayoichagua itakupa rekodi hizo zikiwa tayari, na kazi yako ni kuzinakili bila kupoteza hata herufi moja. Rekodi ya SPF hufanana na hii:

v=spf1 include:_spf.example.com ~all

Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya barua za kawaida za ofisi na nyingine ya jarida. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu ya aina hiyo, na zikiwa mbili ukaguzi wote unashindwa. Ziunganishe katika mstari mmoja kwa kuweka sehemu mbili za “include”, ukikumbuka kwamba SPF hairuhusu zaidi ya maulizo 10 ya DNS katika ukaguzi mmoja. DMARC anza nayo kwa upole:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@example.com

Hapo p=none ina maana kwamba unaomba ripoti tu, bila barua yoyote kuzuiwa kwa ajili ya rekodi hiyo. Soma ripoti kwa majuma kadhaa, uhakikishe kwamba barua zako zote halali zinapita, zikiwamo zile zinazotumwa na programu ya ankara na fomu ya tovuti ambazo husahaulika, ndipo uende kwenye p=quarantine, inayopeleka kwenye taka barua za wanaojifanya wewe.

Anwani ya bure haiwezi kubeba kazi hii. Mwezi Aprili 2014 Yahoo ilibadili rekodi yake ya DMARC ili barua yoyote yenye anwani ya yahoo.com iliyotumwa na seva zisizo zake ikataliwe, na wenye biashara waliokuwa wakituma majarida kwa anwani hizo kupitia programu nyingine walishtukia yamekataliwa. Akaunti ya kawaida ya Gmail nayo ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku. Kikoa chako mwenyewe ndicho kitakachoshika sifa unayoijenga, hata ukibadilisha programu.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimeweka masharti ya wazi. Mtumaji yeyote anatakiwa awe na uthibitisho, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC pamoja, aweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na atekeleze ombi hilo ndani ya siku mbili. Ripoti za taka zisifike asilimia 0.3, na ushauri wa Google ni kubaki chini ya asilimia 0.1. Biashara ndogo haifikii barua 5,000, lakini hesabu ya asilimia inaiuma kuliko inavyoiuma kubwa. Katika orodha ya watu 400, mtu mmoja akiripoti ni asilimia 0.25, wakiwa wawili ni asilimia 0.5. Ndiyo maana nilitumia maneno mengi juu ya ridhaa. Kwa sababu hiyo hiyo kiungo cha kujitoa kiwekwe mahali kinapoonekana, kwa herufi zinazosomeka, kwa kuwa asiyekiona atatumia kitufe cha taka kujitoa.

Kuchagua programu

Mailchimp, Brevo, MailerLite na Kit zote zinatosha kwa biashara inayoanza, na mwenye mtu wa kumtunzia seva anaweza kutumia Listmonk, ambayo ni ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kabla ya kuchagua, angalia jambo moja kwenye ukurasa wa bei: unatozwa kwa idadi ya watu walio kwenye orodha au kwa idadi ya barua unazotuma? Fundi anayewaandikia watu wengi mara moja kwa mwezi atanufaika na utaratibu wa pili, na anayewaandikia wachache kila juma atanufaika na wa kwanza. Uliza pia kama waliokwisha kujitoa bado wanahesabiwa kwenye bili, na kama unaweza kuipakua orodha yako yote wakati wowote. Programu isiyokuruhusu kuondoka na orodha yako usiitumie, hata ikiwa ya bure. Mapambo ya violezo yasikushawishi sana, kwa kuwa barua nzuri ya biashara ndogo huhitaji mapambo machache mno.

Barua yenyewe

Mtumaji aonekane kwa jina linalofahamika, lile lililo kwenye fomu aliyoijaza msomaji. Anwani isiyopokea majibu ni kosa. Inamwambia mteja kwamba unataka kusema bila kusikia, tena inakunyima majibu, ambayo kwa biashara ndogo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kila barua iwe na jambo moja. Mwenye biashara anapoandika mara moja kwa mwezi hushawishika kuingiza yote kwa pamoja, bidhaa mpya, punguzo, picha za sherehe na salamu za msimu, na msomaji hupitisha macho bila kushika lolote. Mada ya barua nayo ilieleze jambo hilo moja. “Habari motomoto za mwezi huu!!!” haina habari ndani yake. Fundi wetu aandike hivi: “Kiatu cha ngozi kikilowa, usikianike juani”. Maneno ya mwanzo ya barua huonekana karibu na mada hata kabla barua haijafunguliwa, kwa hiyo yasiwe “Ikiwa huoni barua hii vizuri, bonyeza hapa”. Programu nyingi zina sehemu ya kuandika maneno hayo ya utangulizi, ambayo mara nyingi huachwa tupu.

Kisha barua iendelee kama mtu anavyomweleza mwenzake:

“Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa joto kali hukakamaa na kupasuka. Kijaze kiatu karatasi za gazeti, kiweke kivulini penye hewa, na ubadilishe karatasi kila zinapolowa. Kikishakauka kabisa, kipake mafuta ya ngozi kidogo kidogo kwa kitambaa. Ukiona soli imeanza kuachia, piga picha ya mahali hapo, ujibu barua hii, nami nitakwambia kama kiatu kinashoneka.”

Barua hii imempa msomaji kitu anachoweza kukitumia leo hata asipotoa senti moja. Ombi la mwisho ni dogo, halihitaji kujaza fomu wala kutembelea tovuti, na anayejibu kwa picha amekwisha kuwa mteja nusu. Majibu hayo husaidia pia upande wa mitambo, kwa sababu kampuni za barua pepe hutazama namna watu wanavyozipokea barua zako, na mtu anayekujibu anaonyesha kwamba barua yako anaitaka.

Upande wa sura, tumia safu moja na herufi kubwa za kutosha kusomeka kwenye simu. Usitume tangazo zima likiwa picha moja, kwani programu nyingine hazionyeshi picha mpaka msomaji aruhusu, na asiyeona anayetumia kisomaji cha skrini hatapata chochote. Kila picha iwe na maelezo yake ya maandishi. Gmail hukata barua inayozidi takriban KB 102 na kuficha kilichobaki nyuma ya kiungo, na kwa kuwa kiungo cha kujitoa huwa chini kabisa, barua ndefu mno huweza kukificha. Jitumie barua kwanza, uifungue kwenye simu na kwenye kompyuta, ubonyeze kila kiungo. Hatua hii isirukwe hata siku ya haraka.

Barua ya kumkaribisha aliyejiandikisha ndiyo inayostahili kutungwa kwa uangalifu kuliko zote, kwa sababu hutumwa yenyewe wakati mtu bado anakukumbuka. Jitambulishe kwa sentensi mbili, rudia ahadi ya fomu, mpe jambo moja la manufaa, kisha muulize swali moja rahisi. Fundi anaweza kuuliza: “Ni kiatu gani ulichonacho ambacho usingependa kiharibike?” Majibu ya swali hilo yatampa mada za kuandikia kwa miezi mingi.

Ratiba na vipimo

Mara moja kwa mwezi inatosha kwa biashara nyingi, na mara moja kwa juma ni sawa kwa mwenye la kusema kila juma. Kinachoharibu ni kunyamaza nusu mwaka kisha kutuma barua tatu katika siku mbili, kwa kuwa watu watakuwa wamesahau kwamba walijiandikisha. Kikoa kipya kianze na idadi ndogo ya wapokeaji, iongezwe taratibu.

Hesabu ya waliofungua barua usiitegemee sana. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple imekuwa na kinga ya faragha ambayo, ikiwashwa, hupakua picha zote mapema, ile ndogo isiyoonekana inayohesabu ufunguzi ikiwamo, hata kama mwenyewe hajaisoma barua. Kwenye ripoti mtu huyo huonekana amefungua kila barua. Hesabu ya waliobonyeza viungo ina ukweli zaidi, ingawa nayo huchanganywa na programu za usalama zinazokagua viungo kabla ya barua kufika. Mwenye biashara ndogo ana kipimo bora: ni wangapi waliojibu, ni wangapi walionunua au kuagiza baada ya barua fulani, na ni wangapi waliojitoa. Andika namba hizo tatu kwenye daftari kila unapotuma. Baada ya barua sita utaona mwenyewe ni mada zipi zinazowagusa watu, tena kwa uhakika kuliko ripoti yenye michoro ya rangi.

Barua zinazorudi ziangaliwe kila mara. Anwani ambayo haipo tena iondolewe mara ya kwanza inaporudisha barua, na programu nyingi hufanya hivyo zenyewe. Kikasha kilichojaa kwa muda chaweza kuvumiliwa mara chache. Wale ambao kwa mwaka mzima hawajabonyeza, hawajajibu wala hawajanunua chochote waandikie barua moja ya wazi ukiwauliza kama bado wanataka kuandikiwa, na wasipobonyeza kiungo cha kubaki, waondoe. Najua inauma kuipunguza orodha iliyokusanywa kwa jasho, lakini watu hao unawalipia bila wao kusoma, na ukimya wao huzivuta hata barua za wanaokupenda kuelekea kwenye taka.

Mwisho wa kila mwezi pakua orodha yako yote kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), yenye tarehe ambayo kila mtu alijiandikisha na fomu aliyoitumia, kwa kuwa huo ndio ushahidi wa ridhaa siku utakapoulizwa. Pakua pia orodha ya waliojitoa, uihifadhi pamoja nayo. Wengi wakihama kutoka programu moja kwenda nyingine hubeba orodha ya kwanza peke yake, kisha siku moja huingiza faili la zamani la wateja na kuwaandikia upya watu walioaga. Katika programu mpya, orodha ya waliojitoa iwe ya kwanza kuingizwa, ikiwekwa kwenye sehemu ya wasiotumiwa barua, kabla hujaingiza anwani nyingine yoyote.